Meza Namba Arobaini na Moja

Kwanza tulifagia. Siku nne.
Chini ya maganda, vizibo, kinyesi cha mbuzi,
sakafu ya soko la zamani la Mwanga ikajitokeza
na namba zake za rangi nyeupe:
38, 39 zimebabuka,
40 imepasuliwa na mbono ulioota katikati,
41 nzima, utadhani jana.

Nilizijua zote. Miaka kumi na mmoja
nilizipita alfajiri na kitabu cha risiti
kwapani, kikinuka jasho langu.

"Igizo lenyewe liko wapi?" nilimuuliza Jenerosa.
"Mnalifagia," akasema.

Hakutaka viti wala pazia. Alitaka
kila mtu asimame alipokuwa akisimama:
muuza mawese juu ya doa lake la mawese
(lipo, jekundu, mvua za miaka tisa zimelishindwa),
Bihagaze wa viatu akiinamisha kichwa
asigongwe na bati lililokwisha kung'olewa.
Na mimi?
"Wewe ushuru. Unapita."

Afisa wa manispaa akaja, akadai kibali,
akadai kuonyeshwa jukwaa.
"Umelikanyaga."
Akaruka pembeni
kama mtu aliyejikuta na viatu kwenye mkeka wa wenyewe.

Mazoezini nilipita vizuri.
Maneno yangu machache: "Mia mbili, mama, kumekucha."
Kisha nampokonya Bi Astelia beseni,
kama nilivyompokonya kweli, hapohapo, 41,
mwaka ambao siutaji.
Beseni la mazoezi lilikuwa tupu.
Alinipa kirahisi, kama unavyompa mtoto kitu akushikie.

Siku ikafika. Watu mpaka ndani ya mtaro.
Jenereta ikakohoa, ikafa.
Vijana wa bodaboda wakageuza pikipiki,
taa ishirini na ushei zikamulika saruji,
vivuli vyetu vikapanda ukuta wa bucha
virefu kuliko makosa yetu,
au ndivyo nilivyojipa moyo.

Nikapita. 38. 39. Nikauruka mbono.
Mia mbili, mama, kumekucha.
Nikashika beseni.
Halikuinuka.

Alikuwa amelijaza. Migebuka wabichi, wazito,
macho yote kwangu.
Naye hakuachia. Hili hatukulifanyia mazoezi.
Akasema kwa Kiha, taratibu,
akarudia kwa Kiswahili ili wa nyuma wapate:
"Siku ile sikuwa nimeuza hata mmoja.
Ulikula wangapi?"

Wakacheka.
Kisha kicheko kikaisha, kimoja kimoja,
kama watu wanaotoka msibani.
Nikamtafuta Jenerosa. Amekaa juu ya 36,
daftari limefungwa.

"Wanne," nikasema.
"Hatusikii!" mtoto mmoja akapiga kelele kutoka mtaroni.
"Wanne! Waliobaki nilimpelekea mkubwa wangu."

Sijui kama hapo ndipo palikuwa mwisho.
Makofi hayakupigwa. Mama mmoja
akapanda sakafuni na mfuko wake, akauliza bei,
wa pili akamfuata, na taa za pikipiki
zikawa taa za soko.

Nami nikapanga foleni.
Zamu yangu ilipofika hakuniangalia usoni.
Akanihesabia wanne,
akataka bei ya wanane,
nikalipa,
akaniuliza kama nahitaji risiti.