Sema Ulichokiona

Saa kumi na moja jioni, barabara ya changarawe
magharibi ya Waterloo, jimbo la Iowa.
Gari limeelekezwa pua mashariki, injini inanguruma:
ndivyo tulivyofundishwa.
Tafuta kwanza pa kukimbilia, ndipo utazame.

Mahindi yamefika kifundoni tu.
Ghala la nafaka linang'aa kama sufuria
iliyosuguliwa kwa majivu,
na nyuma yake mbingu imevimba,
kijani cha jeraha la siku ya nne.

Redioni, Verlyn Dostal anaita vituo.
Fundi mstaafu wa mabasi ya shule,
amekaa chumba cha chini ya nyumba yake
na betri nne za trekta
na kahawa ya jana ambayo mkewe haruhusiwi kuimwaga.
Sauti yake haipandi, haishuki.
"Kituo cha saba, unaona nini?"

Kituo cha saba ni mimi, Asukulu binti Lubunga,
mkata mabega ya nguruwe, zamu ya asubuhi.
Mtihani niliufanya Februari, theluji ikichungulia dirishani,
maswali thelathini na tano, nikapata ishirini na nane.
Nikapewa herufi zangu za kuitwa. Ya kwanza, Kilo.
Nikacheka peke yangu: Kilo,
kama ya sukari.

Nilikotoka redio ilikuwa mdomo usio na sikio.
Ikisema, tunafunga mizigo.
Ikinyamaza, tunafunga mizigo.
Haikuwahi hata siku moja kumuuliza mama yangu:
wewe, hapo ulipo, unaona nini?

Katika yote aliyofundisha Verlyn
moja niliandika kwa lugha yangu, ndani ya jalada la daftari:
sema ulichokiona, si ulichokiogopa.

Ninachokiogopa: wingu lile lililoning'inia kama kiwele,
wanangu wawili ghorofa ya tatu, king'ora bado kimya.
Ninachokiona: wingu limeshuka.
Naweka kidole kwenye kioo cha nyuma, penye ncha yake,
nahesabu hadi sitini.
Halizunguki.
Nahesabu tena, maana woga haujui hesabu.
Halizunguki.

Nabonyeza. Ulimi mzito kama buti za kiwandani.
"Saba hapa. Wingu limeshuka. Mzunguko hakuna.
Narudia, hakuna. Mvua ya mawe, kama njegere."
Pumzi mbili za mvumo.
"Roja, saba. Hakuna yako nimeiandika."

Ameiandika!
Penseli ya mtu, huko chini ya ardhi,
imeandika kitu ambacho sikukiona.

"Kituo cha nne."
Huyo ni Darla Hinrichs, kusini, njia ya Dysart.
"Kituo cha nne."
Mvumo.
Vituo kumi na kimoja tumenyamaza,
na kunyamaza nako ni kazi: hewa ni mlango mmoja,
ukisimama kizingitini mwenzio hapiti.
Dakika ya tatu. Ya nne. Kidole changu kinawasha
kumwita kwa jina, kama unavyomwita mtu kisimani.
Sikibonyezi.
Dakika ya sita:

"Nne hapa. Kioo cha mbele kimekwenda.
Mawe kama mayai ya bata. Chamchela imegusa chini,
maili mbili kaskazini yangu, yaelekea mashariki.
Ni mashamba tu. Hakuna nyumba,"
akavuta pumzi, "hakuna nyumba ninayoiona."

Vipande vya kioo vimo nywelini mwake,
na bado akaliongeza neno hilo.

Ndipo king'ora kikalia, mbali, upande wa Dysart,
nami nikaitazama saa, nikaiandika dakika.

Usiku nawakuta wanangu kwenye chumba cha kufulia,
wamekaa juu ya kapu la Bibi Fadila, jirani, Mbosnia,
aliyewashusha ngazi zote bila kuuliza ni wa nani.
Mdogo ana makombo ya mkate kidevuni.
"Mama, uliiona chamchela?"
"Sikuiona."
"Sasa ulikuwa ukifanya nini?"
"Nilisema hivyo hivyo."