Kabla

Kijana wa kahawa pale Masaki
huniuliza jina kila mwezi kama hajapata kuniona,
kalamu tayari, kikombe cha karatasi kimeinama mkononi.
Kabula, namwambia.
Mashine ya maziwa inapiga kelele kati yetu,
naye anaandika alichosikia: KABLA.

Kabla ya nini, mwanangu?
Sijamuuliza. Nakaa dirishani na neno hilo,
povu linashuka polepole ndani ya kikombe,
shilingi elfu tisa, na keki ndogo isiyoniangalia usoni.

Kazi yangu ni mashine za kusafisha damu.
Ikigoma moja hapa Dar, ofisi ya Mwanza hunipandisha ndege
na kisanduku cha bisibisi ambacho uwanjani
hukaguliwa kila safari kana kwamba nimeficha mtu.
Halafu hoteli. Ile ile.
Ile ile ya Dodoma, ile ile ya Arusha:
pundamilia yule yule juu ya kitanda
anatazama kushoto,
huko na huko na hapa,
sijui kushoto kuna nini.
Taulo limekunjwa likawa bata.
Runinga inaandika KARIBU NYUMBANI BI. KABULA,
herufi zote mahali pake.

Usidhani nalalamika.
Mimi niliyekulia chumba kimoja na wadogo zangu wanne,
miguu ya huyu mbavuni mwa yule,
najua thamani ya shuka lisilo na joto la mtu.
Najua raha ya kushusha kiyoyozi hadi kumi na nane
kisha kujifunika blanketi kama niko Njombe,
huku nje ya kioo Dar inatoka jasho, inapiga honi,
inadaiana chenji.
Sabuni zile ndogo nazibeba. Mama yangu, Magu,
ana kapu zima. Haogi nazo. Anazinusa,
anasema: kumbe ndivyo unavyonukia ukiwa mbali.

Ila usiku wa manane mkono unatafuta swichi
iliyo Arusha.
Na siku moja, nyumbani kwangu Nyegezi,
nilisimama mlangoni na kadi ya benki
nikisubiri taa ya kijani.

Mwezi wa sita wakanipa tena mia sita na kumi na nne.
Nikavuta droo ya kando ya kitanda,
nikaona chanuo langu la mbao,
jino la nne halipo,
nililolitafuta tangu Machi hadi nikalisahau.
Limeviringishwa karatasi laini ya chooni
na juu yake, kwa kalamu ya hoteli:
*la dada wa bisibisi.*

Nikashuka mapokezi bila viatu.
Ni Stumai huyo, wakasema, wa ghorofa ya sita,
alihamishiwa tawi la Dodoma mwezi uliopita.

Stumai. Sikuwahi kuuona uso wake.
Yeye alishaona nywele zangu kwenye mto,
vidonge vyangu vya presha, na siku nilizoviruka,
ule upande mmoja tu wa kitanda ninaouchafua.
Na mimi, kila jioni, nilivuta shingo ya bata wake
nikajifutia mikono,
mawazo yakiwa kwenye pampu na mirija.

Leo asubuhi kijana wa kahawa hayupo.
Yuko binti mgeni, aproni bado ina mikunjo ya dukani,
anashika kalamu kama aliyepewa mtihani.
Foleni hakuna. Mashine ya maziwa imenyamaza.
Mfukoni nina chanuo, na tiketi ya treni:
Jumatatu kuna mashine imegoma Dodoma.

Jina?

Ningeweza kulitaja taratibu, silabi kwa silabi,
kama mama anavyoniita kutoka uani.
Kabla, nikasema.

Akaandika bila kosa.