Daftari la Maji

Mwezi wa kumi hapa Kitangari
mabibo yana maji kushinda mitungi yetu.
Chitanda ameketi juu ya mfuniko wa kisima chake,
kalamu sikioni, daftari gotini:
ndoo mia tatu. Ya mkopo, mia nne.

Aliuza korosho za misimu miwili akachimba shimo,
akalisakafia saruji, akaelekeza bati lake limnyweshee mvua.
Tulidhani anajichimbia kaburi.
"Nawasaidia," hajawahi kusema.
Husema, "Somoe, lako limefika elfu sita."

Wale wa pampu walikuja na neno hilo, msaada.
Utepe ukakatwa. Nikachaguliwa katibu,
nikapewa ufunguo na fulana yenye moyo mwekundu.
Maji bure! Siku ile mama alioga mara mbili,
akacheka peke yake huko bafuni,
na kicheko kile sitaki mtu anidharaulie.
Kisha mpira mmoja, mdogo kama pete, ukakatika.
Tukapiga simu. Tukaandika.
Barua yao ya mwisho ilitushukuru kwa ushirikiano.
Fulana sasa ni dekio. Moyo haujafutika,
nadekia nao.

Basi nikasema: faida huamka alfajiri,
huruma ina safari nyingi.
Ningeishia hapo, ingekuwa methali.

Lakini Jumanne alikuja Fatu binti Likwekwe,
kajifungua usiku, kanga imemganda mapajani.
Chitanda akafunua ukurasa wake, akapitisha kidole,
akafunga.
"Umejaa," akasema. Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu asomaye kipimo.

Hakuna aliyemjibu.
Mama Nalinga alichota kata moja kwenye ndoo yake,
akaimimina kwenye ya Fatu.
Akafuata wa nyuma yake. Akafuata mwingine,
yule mchoyo wa chumvi, naye kata nzima,
mpaka ndoo ikafika shingoni
na Chitanda kalamu iko hewani,
anatafuta mstari wa kuiandika ndoo
ambayo ililipiwa na haikununuliwa.

Nami nisijitie utakatifu.
Kata yangu ilikuwa ya sita,
na maji yalipokuwa yakishuka
nilikuwa nawatazama wenzangu usoni mmoja mmoja,
nani kaona, nani hakuona.
Binti yangu ana mimba ya miezi saba.
Sina kalamu sikioni.
Lakini niliandika.