Viraka vya Awali

Mimi ni fundi cherehani, nyuma ya soko la Mwanjelwa.
Shule za mtaa huu sizijui kwa ubao wa matokeo.
Nazisoma kwa nguo zinazorudi.

Sare za awali ya Mlimani, kule kwenye baridi ya Loleza,
huja zimeisha makalio.
Kaptula ya Januari, ifikapo Pasaka, ukiiinua dirishani
unaona wapita njia upande wa pili.
Hapo sihitaji kuuliza kama mikeka imefika.
Watoto wanakalia saruji,
na saruji ya Mbeya mwezi wa sita haina utani na mtu.

Za Bondeni huja na tope kwenye pindo,
tope jekundu lisilosikia sabuni,
na mifuko imechanika yote.
Siku moja nikakung'uta mmoja:
vizibo vya soda kumi vilivyotungwa kwenye uzi,
na maharage saba.
Nikadhani utundu tu. Mama Gwamaka akacheka,
"Hizo ndizo hesabu zao, fundi.
Mwalimu Syabumi hana vifaa,
kila mtoto anatembea na hesabu yake mfukoni."
Watoto tisini na nne, mwalimu mmoja,
sauti yake imekwaruza kama mkasi butu.

Lakini za Ng'ambo ya Lami!
Hizo hulika viwiko.
Viwiko, maana yake kuna meza.
Maana yake mtoto ameegemea kitu, anachora,
ameinamisha kichwa kama karani wa benki.
Na kola zao safi, kwa hiyo bomba linatoa maji.

Mwaka huu Tupokigwe wangu katimiza mitano.
Nikatoa futikamba, nikampima bega, kiuno,
pembeni ya daftari la wateja nikaandika: Ng'ambo.
Nikakata kitambaa cha rangi yao.

Tukaenda kujaribu njia, saa moja kasorobo,
ukungu haujainuka.
Tukasimama ukingoni mwa lami.
Lori la shaba. Lori la mafuta. Lori la Tunduma,
upepo wake ukamvua kofia.
Akaanza kuhesabu: moja, mbili, hadi kumi na moja,
akarukia kumi na tano,
na sisi bado tupo palepale.
Leo nimemshika mkono. Kesho mteja wa harusi
akinigongea alfajiri, atamshika nani?

Tukarudi. Sikusema kitu.
Yeye ndiye aliyesema,
"Mama, yale malori hayana pindo."

Nimefumua kola, nimebadili ukanda.
Rangi hailingani sana na ya Bondeni,
mwenye macho ataona.
Mifuko nimeipiga mshono mara mbili
kwa uzi wa magunia, mirefu,
mkono uzame hadi kifundo.
Na Ijumaa nitampelekea Mwalimu Syabumi
vifungo vyangu yatima, kopo zima,
vyekundu, vya pembe, vya koti la marehemu baba.
Awagawie.

Usiku bado naamka, nalifungua lile daftari.
Neno Ng'ambo lipo.
Nimelikata mstari mmoja tu,
linasomeka.