Chumba cha Tatu, Karibu na Karakana

Baba aliendesha tramu namba sita, Poznań,
miaka thelathini na mmoja, reli zile zile,
na nilipomwambia nimechagua saikolojia
aliweka kijiko mezani, akauliza:
"Hiyo inafungua mlango upi?"
Mama akajibu kwa niaba yangu: "Wa jikoni.
Atakuja kula hapa mpaka azeeke."

Mwaka wa kwanza sikukutana na nafsi ya mtu.
Nilikutana na takwimu:
wastani, mkengeuko, mstari unaopanda kama ngazi za bweni letu,
na Profesa Wiesława Górska, mwenye kikohozi cha sigara,
aliyesema siku ya kwanza, bila salamu:
"Mliokuja kujitibu, karibuni, mtachelewa kupona.
Mliokuja kusoma mawazo ya watu,
mpiga ramli yuko ng'ambo ya barabara."
Tulicheka. Watatu hawakurudi baada ya Krismasi.

Nilijifunza kwamba kumbukumbu haihifadhi, inashona upya;
kwamba shahidi huapa kwa Mungu na akakosea rangi ya koti;
kwamba swali likipinda kidogo tu
hubeba jibu lake mgongoni.
Nilihesabu kope za wenzangu zikipepesa gizani
kwa malipo ya chokoleti.
Jumapili nikirudi nyumbani binamu wananong'ona:
"Usimtazame, anakupima."
Na mjomba Zbyszek, akishalewa, hunifuata hadi kwenye makoti
kunipa ndoto ambayo sikuiomba.

Tulihitimu ishirini na wawili. Kila mmoja akashika lake.
Tymon yuko gerezani (kikazi, hupenda kuongeza),
anawasikiliza wanaume wanaojifunza kutamka samahani
kama lugha ya kigeni, wakikosea irabu.
Ludwika hukaa sakafuni na watoto wasiosema.
Anasubiri. Wiki nzima, mwezi.
Siku moja mtoto akampa kigari kisicho na gurudumu
na Ludwika akanipigia simu, analia, hawezi kueleza.
Gniewko anauza shampuu: yeye ndiye ajuaye
kwa nini mkono wako unakwenda kwenye chupa ya buluu.
Ndiye pekee mwenye nyumba.
Jadzia aliacha yote, anafuga nyuki,
na husema hajaacha.

Mimi napima madereva.
Taa nyekundu: kanyaga. Ya kijani: bonyeza kulia.
Mashine inahesabu sehemu za elfu za sekunde,
nami nahesabu yaliyobaki:
yule anayefuta viganja kwenye suruali,
yule anayetania mno,
yule aliyemgonga mtu Novemba iliyopita pale darajani
na mguu wake bado unakanyaga breki chini ya meza yangu
bila taa yoyote kuwaka.
Kwa huyo nazima mashine. Nachemsha maji ya chai.
Hili halikuwa kwenye mtihani wa Górska.
Au lilikuwa, nami nikadhani ni kikohozi.

Februari jina la baba likatokea kwenye orodha.
Kanuni hairuhusu nimpime; akaenda kwa mwenzangu, chumba cha nne.
Nikakaa upande wa pili wa ukuta mwembamba
nikisikiliza mguu wake:
pa. Pa. Kimya.
Pa.
Kimya kile nilikijua urefu wake
kabla karatasi haijasema.

Alitoka ameshika kofia kwa mikono miwili.
Hakuuliza matokeo, aliuliza kama kuna chai.
Miaka mitano chuoni nilifundishwa kuuliza
na sikumwuliza neno,
mpaka mwenyewe akasema, macho dirishani,
namba sita ikikata kona bila yeye:
"Ule mlango. Kumbe ni huu."

Nikamsogezea sukari.
Akatia vijiko vitatu. Daktari alimruhusu kimoja.
Nikahesabu, nikanyamaza.