Sahani ya Pili

Zamu yangu huanza saa nne usiku:
skrini thelathini na mbili, kikombe kimoja, kiti kinacholia.
Szolnok imelala chini ya theluji
na mimi ndimi kope zake zisizofumba.

Kamera ya kumi na nne iliwekewa wezi wa baiskeli,
kituo cha basi, kona ya duka la mikate.
Karatasi ilisema hivyo.
Haikusema kwamba shingo yake inazunguka,
kwamba ukiisukuma juu kidogo, kushoto,
unaingia jikoni kwa Bwana Ödön
bila kupiga hodi.

Usiku wa kwanza kidole kiliteleza.
Wa pili hakikuteleza.

Hupakua supu sahani mbili.
Huvuta kiti cha pili, kana kwamba mtu anakaa,
hunyunyiza pilipili nyekundu kwenye ile isiyoliwa,
nyingi,
kisha hula yake akiitazama ile ikipoa.
Ya nani, sijui. Sikuambiwa.
Ndilo tatizo lenyewe: sikuambiwa.

Jumamosi foleni ya mikate ikatuweka bega kwa bega.
"Pole" ikanijaa kinywani kama kiazi cha moto,
kutema siwezi, kumeza siwezi.
Angeuliza: pole ya nini?

Machi baraza likaketi. Hita zilikuwa zimekufa.
Inspekta Gellért akasema asiye na la kuficha
hana la kuogopa,
na watu wakatikisa vichwa,
wengine kwa kukubali, wengine kwa baridi.
Diwani Piroska, mwalimu mstaafu wa hesabu,
akauliza vidogovidogo, kama anayesahihisha madaftari:
Picha hukaa siku ngapi?
Nani huzifungua? Anaandika wapi jina lake?
Na sababu? Sababu anaiandika wapi?

Nikanyoosha mkono. Sauti ilinitoka nyembamba.
Namjua mtu, nikasema, anayepakua sahani mbili.
Sikutaja jina wala mtaa.
Ukumbi ukanyamaza,
kila mmoja amerudi ghafla mezani kwake.

Macho hayana pazia, walisema waliotutangulia.
Basi tuyashonee, akasema Piroska, akaketi.

Ilipita kwa tofauti ya kura mbili.
Siku thelathini, kisha picha zifutwe.
Daftari: jina, saa, sababu, sahihi.
Na kila dirisha la nyumba, mraba mweusi.
Fundi alikuja na soseji mfukoni,
akamaliza mtaa mzima kabla haijapoa.

Aprili iliibwa baiskeli ya muuguzi mmoja.
Nikaandika: saa nane na dakika kumi, wizi,
nikatia sahihi, nikatazama, mwizi akapatikana.
Gellért hakunisemesha wiki nzima,
kisha akaniletea kalamu mpya ya lile daftari.

Mkono bado una mazoea yake.
Juu kidogo, kushoto.
Weusi.

Jumamosi Bwana Ödön alinunua mikate miwili.
Mimi nilikuwa nasoma bei ukutani,
moja moja, kutoka juu,
hadi mlango ulipofungwa nyuma yake.