Shombo kwenye Paja

Nilianza na dagaa, baba, leo sikufichi,
dagaa wa Masira waliokaushwa mpaka wakalia kama majani makavu,
gunia riali tatu, na dalali haulizi wa nini.
Ibra mwezi wa tano, mabati yanachemka,
kuku mia mbili na arubaini wanahema midomo wazi.
Nikawasagia: robo dagaa, iliyobaki mahindi na pumba,
na soya iliyomwagika dukani kwa Zahran.

Ilikuwa kwa ajili yako.
Daktari wa Maskati alichora moyo nyuma ya karatasi ya dawa,
mshipa mmoja akaupaka wino wote.
Mafuta yanayoganda, akasema, basi. Ale samaki.
Nawe samaki humli tangu ulipotoka Wete.
"Wa huku hawana ladha."
Miaka hamsini, sentensi ile ile.
Nikasema moyoni: basi nitampitisha samaki ndani ya kuku.

Akapita.
Wiki ya sita nilimpasua wa kwanza,
mafuta ya tumbo yakaniteleza vidoleni, manjano, malaini,
yakalala usiku mzima kwenye friji
asubuhi bado hayajakubali kuganda.
Nilicheka peke yangu jikoni.
Kuku hana siri:
ulichomtia mdomoni utakikuta chini ya ngozi.

Lakini mafuta laini ni nyumba yenye milango mingi
na hewa haipigi hodi.
Ilipenya kitundu cha mfuko, ikakaa humo kwenye friza
wiki tisa, kimya, inatafuna.
Idi pili, wakwe zake Thuwaiba wamejaa ukumbini,
nikafunua sufuria ya pilau
ikanitoka harufu ya rangi mbichi ya mlango,
na chini yake diko, saa nane za mchana.
Watu wa heshima wale. Walikula wali.
Wewe peke yako uliomba paja jingine.

Ghasani, mpwa wangu, yuko maabara ya vyakula Nizwa.
Alisaga nyama, akatia dawa, akachemsha.
"Ikigeuka waridi, shangazi, mafuta yameshakatika."
Kuku wa dukani, aliyelishwa mahindi matupu: maji ya dafu.
Wangu: sharbati ya arusi.
Niliona haya, kana kwamba ni mimi niliyemo kwenye kile kichupa.
"Wako ndiye bora kwa moyo," akasema,
"na ubora wake ndio uliomponza."

Akaniandikia vitamini E. Nikauliza bei, nikaikunja ile karatasi.
Jabal Akhdar wakamuaji komamanga hutupa maganda.
Nilishusha magunia manne nyuma ya pikapu,
nikayaanika, nikayatwanga, unga mwekundu mkali.
Kuku wakauzunguka kama wanakagua mzigo wa magendo.
Rafiqul, kijana wa bandani, ndiye aliyeuchanganya na asali ya tende.
Dagaa nikawapunguzia, na wiki tatu za mwisho nikawanyima kabisa.

Mara ya pili kichupa kilitoka hafifu,
rangi ya ukucha wa mtoto mchanga.
Hakikuwa cheupe. Ghasani akasema inatosha,
wiki tisa kwenye friza na pua haishtuki.
Thuwaiba akaniagizia hamsini.

Nikakupikia. Ukatafuna,
ukatazama ukuta, ukatafuna tena.
"Huyu hana ladha," ukasema. "Yule wa Idi yuko wapi?"

Sikukujibu. Nilitoka nikaenda bandani,
nikasimama pale kwa muda mrefu na lile joto lote.

Sasa nimewatenga kumi na wawili, upande wa ukutani,
wanakula dagaa mpaka siku ya mwisho.
Hawa hawaingii friza. Hawauzwi.
Ijumaa nachinja baada ya alfajiri,
adhuhuri imo sahanini mwako,
shombo kidogo, kama upendavyo,
kabla hewa haijapata habari.